Pamba Tupu

Whitney alisema kwenye simu, kutoka Kanada, kwamba ngozi ya mtoto haipatani na nailoni, na kama vitambaa vya nyumba ya mama havitabadilishwa, basi watakapokuja, yeye, mumewe Wangila na mtoto watalala hotelini. Alisema kwa upole, lakini neno hilo lilimkaa mama yake, Jentrix, rohoni siku nzima. Mjukuu wake alikuwa na miaka mitatu na Jentrix alikuwa hajawahi kumbeba.

Mtu mwingine angenuna. Jentrix alivaa viatu akaenda mjini Kitengela, dukani kwa Nurto, mama yake Ilwad, mwanamke wa Garissa ambaye hakuuzii kitambaa bila kukuuzia na maneno.

"Nataka pamba tupu ya mjukuu wangu, Mama Ilwad. Iliyolimwa bila dawa, haijatiwa rangi."

"Iko. Hiyo ya bila dawa wanasema wenyewe, mimi sikuwa shambani." Nurto akacheka, akachomoa uzi, akauwasha kwa kiberiti. Ukaacha majivu laini. "Ingekuwa nailoni ingeyeyuka, iwe kidonge kigumu. Huyu mtoto atalala, wallahi."

Basi Jentrix akaingiwa na wazimu. Nyumbani alichoma nyuzi za kila kitu: mapazia, foronya, hata vitambaa vya makochi alivyofuma kwa mkono miaka ile marehemu mumewe Omolo akifanya kazi Kajiado. Karibu vyote vikawa vidonge. Na sebule bila vitambaa vya makochi, kwa mama yeyote wa kwao, ni aibu. Mgeni hudhani umehama. Alivifunga vyote akawapa akina mama wa kanisa. Jirani yake Caren akamuuliza kama anaolewa.

Alishona mwenyewe mapazia, shuka, na kimto kilichojazwa sufi. Nyumba ikabaki nyeupe na tupu, lakini alikuwa na furaha, akiimba peke yake.

Whitney alipiga simu siku waliyotua. "Mum, tumechukua nyumba Westlands, karibu na kwa kina Wangila. Kitengela iko na vumbi sana. Tutakuja Sunday tukusalimie."

"Lakini nimebadilisha vitambaa vyote."

"Aki Mum. Haikuwa lazima."

Jumapili walikuja. Mtoto alikuwa amelala garini, amefungwa kwenye kiti chake, na Whitney hakutaka aamshwe. Wangila alibaki naye, injini ikiunguruma. Whitney alikunywa chai nusu kikombe, akasifu mapazia. Jentrix alimwona mjukuu wake kupitia kioo cha gari, kisha wakaondoka. Aliumia, na hakuwa na wa kumwambia.

Wiki iliyofuata Nurto alimwita kutoka mlangoni pa duka. "Mama Whitney! Mtoto alijikuna?"

"Hata kidogo. Alilala mpaka asubuhi."

"Mashallah! Si nilikuambia?" Nurto alikuwa tayari ameshika makasi, amekunjua pamba mezani. "Hii ni zawadi yangu, umshonee kanzu ya kulalia. Ni mrefu kiasi gani?"

Jentrix aliinua mkono juu kidogo ya goti, akaupandisha, akaushusha tena, akibahatisha.