Aliyesimama Katikati ya Mchezo

Mimi hasira zangu hazijifichi, na siku ile zilinipanda mpaka utosini. Mkaguzi wa skuli, Bwana Ishak, kaja kwetu Wingwi asubuhi, kasikia kelele darasani kwangu, akasema mbele ya watoto: "Mwalimu Kazija, hiki ni kipindi cha Kiingereza au ngoma?"

Nikamweleza mchezo. Karatasi ya hadithi nimeibandika nje, kwenye ukuta wa ofisi. Kila timu inamtuma mmoja: anakwenda kusoma sentensi, anarudi mbio, anawaambia wenzake kwa mdomo, wao wanasikiliza na kuandika. Yeye kalamu hashiki.

"Basi leo nataka kusikia mtoto mmoja aseme sentensi ya Kiingereza iliyotoka kichwani mwake," akasema. "Nikikosa, kuanzia kesho wananakili ubaoni."

Ubaoni! Miaka miwili wamenakili ubaoni, na mtoto mmoja, Ruweida, wallahi, hakufungua mdomo hata siku moja. Wiki tatu za mchezo, keshaanza kuwafokea wenzake wakikosea. Nirudi huko? Thubutu!

Tukaanza. Na Bwana Ishak akaenda kusimama wapi? Njiani, kati ya mlango na karatasi! Usama akasoma, anarudi mbio, akamkuta. Akasita. "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani? Baba hajambo? Na bibi yako je?"

Usama akajibu yote, kwa adabu. Alipofika kwa wenzake, sentensi imeshamtoka. Yumna naye hivyo hivyo. Mtoto wa hapa hampiti mtu mzima bila ya kumwamkia na kusubiri aachiwe. Na Bwana Ishak kazaliwa Kiuyu, jirani tu na hapa, hilo analijua vizuri! Halafu anaandika kwenye daftari lake: hawajui kitu. Nikafungua mdomo nimjibu. Mwalimu mkuu, Mzee Othman, akanikonyeza ninyamaze.

Zamu ya Ruweida. Akarudi kutoka ukutani, midomo inacheza. Bwana Ishak akamwinamia: "Na wewe, mama yako hajambo?"

Ruweida akasimama. Akamtazama usoni, akamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika mpaka darasani: tafadhali bwana, sogea, umesimama kwenye njia yetu, na mimi maneno yangu yatanipotea.

"Astaghfirullah!" Mzee Othman akashika kichwa. "Ruweida, omba radhi!"

"Haombi!" nikasema. "Mgeni kataka sentensi, kapewa. Nendeni mkaitafute kwenye karatasi kama ipo."

Nilijua nimevuka mpaka, na sikujali. Bwana Ishak akalitazama daftari lake, akamtazama yule mtoto, machozi yanamlenga na bado kasimama palepale, anasubiri apishwe.

Bwana Ishak akasogea.

Ruweida akapita mbio. Timu yake ilimaliza ya mwisho, na mimi hasira hazijanishuka hata leo. Lakini alipofika kwa wenzake, sentensi yote alikuwa nayo.