Kiganja Kilichopima Vioo

Mola alimjalia Mabula, mnunuzi wa dhahabu pale Buseresere, kiganja cha ajabu. Ukikitia chembe ya dhahabu, alifumba macho, akatamka uzito wake, na mizani ikakubali. Kisha akafungua maabara ya kusafishia dhahabu kwa tindikali, akadhani kiganja kimesomea na hayo.

Euphrasia, au Mama Rhoda, fundi wake wa maabara, alikuwa amemwandikia orodha: bika, vile vikombe vya maabara, za kioo chembamba kinachostahimili moto, na chupa za plastiki ngumu za kuhifadhia tindikali. Mabula akaenda dukani kwa Pritesh, akainua bika moja, akafumba macho.

"Nyepesi kama makapi! Unaniuzia hewa? Nipe zile nene!"

"Mzee Mabula, hizo nene ni magi za juisi."

"Iliyoibeba juisi itashindwa na tindikali?"

Akarudi na dazeni ya magi nzito zenye picha za zabibu, pamoja na chupa tupu za maji ya kunywa.

"Nikichemsha tindikali humu, mikono yangu naiaga," Euphrasia akasema. "Na chupa hizi, mwenye kiu atajuaje kilichomo?"

"Mama Rhoda, shule imekuharibu. Kesho utumie magi hizi, au ufungashe virago."

Euphrasia alikuwa na kazi moja na mikono miwili. Hakuwa tayari kupoteza chochote kati ya hivyo.

"Sawa, bosi. Ila tuzijaribu kwanza kwa maji matupu, mbele yako."

Asubuhi wachimbaji wakajazana mlangoni. Magi moja na bika kuukuu ya Euphrasia zikawekwa juu ya jiko la umeme. Mabula akasogea karibu, amevaa viatu vyeupe vya ngozi, kama bwana harusi.

Bika ikachemka kwa adabu. Magi ikalia ta! ikaachana na kitako chake, na maji yanayotokota yakashukia viatu vyeupe. Mwenye maabara akacheza mtindo ambao hata wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu hawajapata kuuona.

"Juisi iko tayari, bosi!" mchimbaji mmoja akapaza sauti.

Euphrasia akazima jiko. "Na hayo ni maji tu."

Mabula, mguu ndani ya beseni la maji baridi, akaletewa kitako cha magi. Akakipima kiganjani, akafumba macho.

"Lakini uzito ulikuwapo," akanung'unika.

Euphrasia akamwekea orodha ile juu ya kiganja kile kile.

"Na hii, mzee, ina uzito gani?"

Safari hii Mabula hakufumba macho. Akaomba kalamu, akaitia sahihi.