Isizidi Chumvi ya Machozi

Mimi si mtu wa kulia. Hapa kwetu karibu na Roret wananijua hivyo. Mtoto akianguka mbele yangu namwambia nyamaza, kilio hakiivishi mboga. Hata siku tulipomzika binti yangu Janefer sikulia. Nilikuwa nimembeba mwanawe mgongoni, naye alikuwa amelala, ningemwamshaje? Tangu siku hiyo majirani waliacha kuniita Mama Janefer. Sasa ni shosho tu, nyanya wa mtoto. Ni huruma yao, najua, lakini inaniudhi.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai mpaka mlangoni kwangu. Kepher, huyo mjukuu, tumbo lilikuwa linamwendesha tangu jana, maji matupu, na mimi sikuwa nimepata usingizi. Nikifumba macho kidogo, namwona Janefer akija katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, bila haraka, na majani hayatikisiki anapopita. Nikifumbua, ni ukungu tu.

Penye wengi pana mengi. Bosibori wa nyumba ya pili alileta majani ya mpera, ameyachemsha mpaka maji yakawa rangi ya kutu. Nyamwange akaleta strungi nzito, chai isiyo na maziwa, kwa sababu sisi wachuma chai tunaamini hakuna tumbo linaloweza kuishinda. Mumewe Makori akatoa mfukoni vidonge alivyojinunulia dukani.

"Hii inafunga tumbo mara moja, shosho," akasema. "Mpatie nusu tu."

Maji ya mpera Kepher aliyatapika. Strungi aliitema. Nikabaki na nusu ya kidonge kiganjani, naye akilia kwa sauti nyembamba ambayo sikuijua.

Ndipo akaingia Jentrix. Ni mhudumu wa afya wa kijiji, mtu wa kule ziwani, mumewe ni fundi kiwandani. Walikuwa wamehamia kwetu majuzi tu. Hakuuliza habari ya mtu. Alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, ikachelewa kurudi. Akamwangalia usoni anavyolia.

"Analia bila machozi," akasema.

Nilitazama. Kweli, mashavu yalikuwa makavu kabisa. Nikaogopa, nikaogopa hasa, kwa maana huyu ndiye aliyebaki.

"Maji imeisha mwilini, mama. Tumbo si ya kufunga saa hii. Ni maji turudishe." Akakitoa kile kidonge kiganjani mwangu. "Na hii si dawa ya mtoto."

Pakiti zake za dawa ya kuchanganya na maji zilikuwa zimekwisha. Duke wa bodaboda alikuwa ameitwa atupeleke zahanati, lakini alisema haoni barabara mpaka ukungu upungue. Jentrix akasema hatutakaa tu tukingoja. Lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, visawazishwe, na nusu kijiko cha chumvi.

Nikachanganya. Alipogeuka nikaongeza chumvi kidogo, maana mama yangu alinifundisha kwamba chumvi hushika tumbo. Jentrix alionja, akatoka nje, akamwaga yote.

"Chumvi ikizidi inamumaliza," akasema taratibu. "Changanya ingine, na usiongeze kitu. Halafu onja mbele ya kumpatia. Isizidi chumvi ya machozi."

Safari hii nilipima kama alivyosema. Nikaonja. Nikaonja tena. Hasira ikanipanda.

"Sijui ladha ya machozi," nikamwambia. "Sikumbuki."

Wenzangu wakatazama sakafu. Jentrix alikuwa mgeni; jina la mama yake Kepher alilisoma kwenye kadi ya kliniki, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kuliogopa.

"Onja pole pole, Mama Janefer," akasema.

Nilikaa chini pale pale. Ulikuwa muda mrefu mno mtu hajaniita hivyo. Machozi yalishuka yenyewe, bila sauti, mengi, yakaingia mdomoni, na uchungu wa mwanangu ukanijaa kifua kizima. Nililia hivyo nikiwa nimeshika kikombe. Kisha nikaonja maji yale.

"Hayajazidi," nikasema.

Tulianza kumpa kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika tunangoja, kisha tunaendelea. Nje weupe ule wa ukungu haukusogea. Mara nyingine nilihisi kama mkono mwingine umeshika kijiko pamoja na wangu, mkono ninaoujua, na sikugeuka nisije nikaupoteza. Kijiko, kinywa, kijiko, kinywa. Sijui tulikaa vile kwa muda gani.

Mwisho chai ikaanza kuonekana, mstari kwa mstari, na pikipiki ya Duke ikanguruma kule chini. Jentrix akafungasha maji yaliyobaki, akasema zahanati watampa pakiti na vidonge vya zinki, na kwamba njiani tusiache kumpa kijiko. Nikamwinua Kepher nimfunge mgongoni. Alikasirika kwa kunyang'anywa kijiko chake, akapanua mdomo, akalia.

Tone moja likatoka kwenye jicho lake, likateremka shavuni. Likafuata jingine.

"Nyamaza, baba, nyamaza," Bosibori akasema, kwa mazoea.

"Mwache," nikamwambia. Nikamrudisha Kepher kifuani, uso wake karibu na wangu. "Lia, baba," nikamwambia. "Lia sana."