Tini za Leo, Tini za Kesho

Kwenye genge langu la matunda hapa Pontedera hakuna anayeshika kitu kwa mkono mtupu. Avae glavu ya nailoni kwanza, au aniachie mimi. Namwuliza, "Za kula leo au za kesho?" kisha namchagulia. Ndivyo alivyouza mama yangu, na aliyethubutu kubonyeza pichi zake alikiona cha moto.

Ijumaa ile mdogo wangu Oreste alikuja sokoni kifua mbele, na mkono wake mpya. Ule wa kuzaliwa ulikwenda na msumeno wa kiwandani. Huu wameutengeneza watu wa maabara: kwenye ncha za vidole kuna vihisio vidogo vidogo, na nyaya zinapeleka habari mpaka kwenye mishipa ya fahamu ya kipande cha mkono kilichobaki.

"Si wa kushika tu, dada. Unahisi!"

Binti yangu Ilaria hakusadiki. Alikuwa amesimama kando yangu, amembeba mwanawe Nives. Mtoto alikuwa abatizwe Jumapili, na kabla ya ajali tulishakubaliana baba wa ubatizo awe Oreste, yeye ndiye ambebe mbele ya padri. Sasa Ilaria alitaka kumpa shemeji yake kazi hiyo.

"Mjomba, usinielewe vibaya. Mkono huo ukimbana mtoto je?"

"Nipe tini," akajibu Oreste. "Zile zilizoiva kupita zote. Nikipasua hata moja, huyo shemeji yako ambebe."

Tini ya Septemba hata ukiitazama vibaya inapasuka! Oreste akanyoosha mkono.

"Glavu!" nikamkemea.

"Dada, mkono wenyewe ni wa plastiki."

"Basi plastiki ivae plastiki. Hapa hakuna cha ndugu."

Wateja wakaangua kicheko. Oreste akavaa, akashika tini, na papo hapo ikapasuka, nyama yake nyekundu ikamchuruzika vidoleni. Ilaria akamkumbatia mtoto.

"Jamani, hiyo imeshakuwa jamu," akasema Zelmira, mteja wangu mwenye mdomo.

Oreste alikuwa amesawijika. Alikitazama kile kiganja muda mrefu.

"Sikuihisi tini," akasema. "Nilihisi nailoni, inateleza, inakunjamana. Kule maabara vidole vilikuwa wazi." Akanigeukia. "Dada, nakuomba."

Mbele ya soko zima! Nikamwaza mama. Halafu nikamwaza Oreste Jumapili, amejikunyata benchi la nyuma, mtoto yuko mikononi mwa mwingine. Aa, potelea mbali.

"Vua," nikamwambia.

Akavua, akafumba macho, akaanza kuzigusa moja moja. "Hii ya leo. Hii ya kesho. Na hii, dada, ulitaka kumwuzia nani? Ngumu kama jiwe!" Nami nikawa nazishika nyuma yake. Zote alipatia, mshenzi yule, na hakuna hata moja iliyochubuka. Nilijivuna utadhani mkono ule nimeuunda mimi.

"Na mimi nivue?" akauliza Zelmira.

"Thubutu!"

Ilaria akasogea. Alimwinamisha Nives kidogo tu, bado amemshika barabara. Mtoto akatupa kijimkono, akakidaka kidole cha Oreste, akakikaza kama wafanyavyo watoto wachanga.

Oreste akaacha kutamba.

"Ananibana," akasema. "Ilaria, mwanao ananibana. Kidole cha shahada. Sasa ameachia... ah, ameshika tena."

Nililia palepale, simfichi mtu. Ilaria alimtazama mjomba wake, akamtazama mtoto, kisha akamweka Nives kwenye mkono ule, akarudisha mikono yake nyuma.

"Jumapili uwahi, mjomba," akasema. "Na usivae glavu."