Kidonda Kisichotosha

"Pandisha blauzi tuone," msimamizi alisema mbele ya watu wote, kana kwamba anataka kuonyeshwa trei ya mikate iliyoungua.

Ndiyo ilikuwa desturi ya kiwanda kile cha mikate. Meza ya kufungashia, ambako mtu husimama wima akitia mikate mifukoni, haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya majeruhi. Mchoma mikate alipoungua mkono, aliifungua bandeji hadharani, watu wakaguna, akapewa meza. Mkandaji mmoja alipokatwa kidole na mashine, hakuhitaji hata kufungua mdomo. Kidonda kilimsemea.

Mwanamke aliyesimama mbele ya msimamizi walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na jina hilo alilipenda, asikufiche mtu. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiyatoa magunia ya unga stoo mpaka kwenye mashine ya kukandia, na wanaume wakimpisha njia. Mgongo ulipoanza kumsumbua, alijikaza kisabuni. Maumivu yaliposhuka mguuni, akawa anavalishwa viatu na binti yake, na bado akaja kazini. Mpaka asubuhi moja akashindwa kuinuka kitandani, na mumewe akamtoa nyumbani amembeba mgongoni, yeye aliyezoea kubeba.

Hospitalini daktari alimwonyesha picha. Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo pana kisahani laini. Chake kimoja kilikuwa kimepasuka, na kilichochomoza kilibana mshipa wa fahamu. Hawakumpasua mgongo mzima. Walipitisha mrija mwembamba wenye kamera kando ya uti, wakakitoa kile kipande kilichobana. Jioni alisimama kwa miguu yake mwenyewe akalia, kwa sababu mguu ulikuwa umenyamaza.

"Mama, kidonda ni kidogo," daktari alimwambia, "lakini kazi iliyofanyika ndani si ndogo. Miezi mitatu usiinue kitu kizito kuliko birika la chai. Ukiinua, kisahani kinaweza kuchomoza tena, na safari hiyo mguu unaweza usirudi."

Hayo ndiyo aliyomweleza msimamizi, akiomba meza ya kufungashia. Na jibu la msimamizi lilikuwa hilo la blauzi.

Akaipandisha kidogo, uso ukimuwaka. Juu ya kiuno palikuwa na plasta ya ukubwa wa kucha ya dole gumba, aliyobandikwa na binti yake alfajiri ile.

Mtu akacheka.

"Hicho tu?" msimamizi akauliza. "Mimi nikinyoa ndevu najikata zaidi ya hapo."

"Kumbe ulienda kuchomwa sindano, dada yangu!" akadakia mchoma mikate, mkono wake wa makovu ukiwa kiunoni.

"Winchi siku hizi anadeka," mwingine akasema, na kicheko kikaizunguka mashine.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini si kicheko kilichomuuma zaidi. Kilichomuuma ni kwamba, kwa kitambo kidogo, aliona haya. Alitamani wangempasua. Alitamani mshono mrefu wa kuanzia shingoni, wenye nyuzi nyeusi, wa kuwafanya hawa wafumbe macho. Akajisikia akitamani, na hapo ndipo mori ulipompanda: kwamba amesimama hapa, mtu mzima na akili zake, akilililia jeraha asilokuwa nalo ili apewe ruhusa ya kupona. Nani aliyewapa hawa watu kazi ya kupima maumivu kwa rula?

"Gunia hilo hapo," msimamizi alisema. "Mashine inasubiri. Punda afe, mzigo ufike. Kama huwezi, mlango uko wazi."

Winchi akaliendea gunia. Mikono yake ilishalijua. Vidole vilijikunja vyenyewe, tayari kwa zile pembe mbili. Mguu wa kushoto, ule uliokuwa umenyamaza, ukamkumbuka. Akasimama hapo, na kila mtu akadhani anavuta pumzi.

Akapeleka mkono nyuma, akaibandua ile plasta, akaibandika katikati ya gunia.

"Haya," alisema. "Sasa nalo lina kidonda. Libebe wewe, bosi."

Hakuna aliyecheka. Msimamizi akatazama huku na huku, akaona macho yote yanamsubiri yeye, na mashine nayo inazunguka tupu. Akakunja mikono ya shati. Akainama na miguu yake imenyooka kama ya meza, akalinyanyua gunia kwa mkupuo, akalifikisha kwa kuyumba, akalitua. Unga ukamrukia usoni.

"Umeona?" alisema, akihema. "Ni gunia tu."

Lakini mkono wake ulikuwa umekwenda kiunoni wenyewe, bila kutumwa, ukakaa hapo. Wote waliuona. Mchoma mikate aliuondoa wa kwake kiunoni taratibu.

Magunia mengine yalikuwa bado yamepangwa mlangoni mwa stoo. Msimamizi akayatazama, kisha akamtazama Winchi, ambaye alikuwa amesimama wima, mikono mitupu. Akaliendea la pili. Akaanza kuinama vilevile, miguu imenyooka.

Winchi alilijua neno la kumwambia; alipewa hospitalini, alipofundishwa kuinua mzigo bila kuumiza mgongo. Alilizuia mdomoni mpaka akaona vidole vya yule mtu vimeshika pembe.

"Piga goti kwanza," alisema, na sauti yake haikuwa na huruma bado.