Mtoto Anayekuja na Msafara

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nalisema mapema kabla mtu hajanitangulia. Tabora ina watani wengi, na hadithi ikishaingia kinywani mwa mtani hutoka imevaa suruali isiyo yake.

Nilikuwa mwandishi wa vibao vya maduka. Kabla ya hapo nilikuwa kuli wa stesheni, nikabeba magunia ya karanga mpaka bega moja likashuka kuliko jingine. Kazi ile iliniponyoka siku nilipowaonyesha wenzangu jinsi msimamizi wetu anavyotembea, kumbe mwenyewe yuko nyuma yangu, ananifuata kwa mwendo uleule. Ndipo nikashika brashi. Brashi haina uzito, na kibao hakina masikio.

Tulikaa Gongoni, mimi na mke wangu Veneranda na binti yetu Josepha, ambaye shule alikuwa bado lakini maswali yake yalikuwa yamekwisha kuhitimu. Mwaka huo Veneranda alikuwa mjamzito. Mimba ilipoanza kuonekana, mama yangu, Bibi Ngollo, akaja kutoka Isikizya na kuku kwapani na neno moyoni: mtoto akizaliwa, Josepha aende naye kijijini, akae huko mpaka huyo mdogo aache ziwa.

"Ndivyo tulivyo," alisema. "Mtoto aliyeshushwa mgongoni hukaa akimtazama aliyepandishwa. Jicho lile si zuri. Wewe mwenyewe nilikupeleka kwa bibi yako."

"Ndiyo maana nikawa hivi, mayo." Kwetu Unyamwezini mama ndiye mayo.

"Hapana. Hivi ulizaliwa navyo."

Nilicheka, lakini Josepha sikutaka aende. Niliikumbuka njia ya kwa bibi, wekundu wake, na jinsi nilivyokaa kwenye kizingiti nikiitazama, na kila mtu akitokea kwa mbali nasema: ni mama, si mama. Niliporudi nyumbani nilimkuta mdogo wangu anamwita mama yangu "mama", tena kwa sauti kubwa, kama mtu aliyemnunua.

Basi siku moja Veneranda alirudi kutoka zahanati ya misheni akicheka. Sista mmoja Mzungu alikuwa amewaonyesha akina mama kitabu cha picha cha huko kwao. Alisema mtoto mdogo akionyeshwa picha mapema, akazoea, hatashtuka akiletewa ndugu. Ndani ya kitabu korongo mweupe anakuja angani, mdomoni ana mtoto kwenye kitambaa, anamshusha kwenye bomba la moshi.

"Korongo?" nikasema. "Akipita hapa Gongoni na mtoto mdomoni, Josepha atampiga manati. Halafu sisi bomba la moshi tunalo wapi?"

"Basi chora chako," akasema Veneranda. "Si unajua kila kitu?"

Hapo ndipo ujinga wangu ulipovaa viatu.

Nikatafuta karatasi za mifuko ya saruji, nikazikata, nikazishona kwa uzi wa fundi viatu. Nikajiuliza: kwa watu wa Tabora, kitu cha thamani kilifikaje? Kilifika na msafara. Basi mtoto wetu naye atakuja na msafara, kwa njia ya zamani, kutoka Ujiji.

Ukurasa wa kwanza nikalichora ziwa alfajiri, maji yamelala kama shuka iliyotoka kukunjuliwa. Wapagazi wamesimama mstari. Mbele yao kirangozi, yule anayetangulia msafara, ana manyoya kichwani na njuga miguuni. Mpagazi wa katikati, badala ya pembe ya ndovu, begani nikamwekea kapu, na ndani ya kapu kuna mtoto amelala, ngumi moja imetokeza nje. Halafu kila ukurasa nikaufanya kambi. Uvinza nikapaka chumvi nyeupe kila mahali, wapagazi wakaonekana wanatembea juu ya mawingu. Mto Malagarasi nikauchora kijani, na samaki wameinua vichwa kutazama nani anavushwa. Kwenye miombo nyuki walitoka wakubwa kama kuku, maana sikufundishwa kuchora nyuki, na asali ikadondoka kutoka kwenye mizinga mpaka nyayo za watu zikang'aa nyuma yao. Ukurasa wa mwisho ni mlango wetu, na Veneranda amenyoosha mikono.

Jioni, kabla hatujawasha taa, tulikaa mkekani. Sikumsomea kitabu chote kwa mpigo. "Leo wamefika wapi, baba?" Josepha alikuwa akiuliza, nami nafungua. Leo wamelala Uvinza, wanaramba chumvi. Leo maji yamejaa, wanangoja mtumbwi. Kidole chake kilitembea polepole juu ya vichwa vya wapagazi, kikifika kwenye kapu kinasimama, kinagusa ile ngumi, kisha kinaendelea. Nje mbuzi wa jirani walikuwa wakirudi, kengele zao zinalia, na mimi mwenyewe niliyewachora wapagazi nilianza kuzisikia zile njuga. Vumbi la jua la mwisho liliingia mlangoni na kusimama katikati ya chumba kama mtu anayeomba maji. Veneranda alisinzia, mkono juu ya tumbo, na tumbo lilipotikisika Josepha alinong'ona, "Wameanza kutembea."

Hata kazini nilikuwa ndani ya ndoto ile. Twalibu muuza vitambaa aliniita siku moja dukani kwake, akaniuliza kwa upole kwa nini jina lake lina miguu chini. Nikatazama kibao. Kweli, kila herufi ilikuwa inatembea kuelekea mashariki.

Mama yangu alianza kwa kukidharau kitabu. "Mtoto hajazaliwa, unamchora," alinung'unika. Lakini jioni kwa jioni mkeka wake ulisogea. Mwisho akawa yeye ndiye anayesahihisha. Baba yake aliitembea njia hiyo, mpagazi wa kweli, na alipoanza kutusimulia jinsi msafara ulivyoingia mjini, watu wakipiga vigelegele, wapagazi wamejipaka mafuta na kuvaa nguo walizozitunza kwa siku hiyo, sote tulisahau kama tuko Gongoni au tuko njiani.

"Bibi," akasema Josepha, "wakishamleta mtoto, wanarudi na nini?"

Bibi akakaa wima, heshima ya baba yake imeguswa. "Msafara haurudi mikono mitupu! Ukileta hiki, unaondoka na kile. Mpagazi kurudi mtupu ni aibu kwao."

"Wanaondoka na kile kipi?"

Na mimi, mdomo wangu huu ulionifukuzisha stesheni, nikadakia: "Chochote kilichomo nyumbani kinachobebeka!"

Tulicheka watu wazima. Josepha alikitazama kitabu.

Tangu siku hiyo akaanza kula. Mtoto aliyekuwa anakimbizwa na bakuli sasa anamaliza ugali wake, anasogelea wangu, anaomba viazi, anakunywa maji mpaka tumbo linalia kama mtungi. Nikatamba. "Unaona, mayo? Mtoto ameshazoea habari ya ndugu yake. Ana furaha, anakula. Isikizya utarudi na kuku wako tu."

"Na maji yote hayo?" mama akauliza.

"Furaha hukausha koo."

Uchungu ulimshika Veneranda asubuhi. Mkunga Batuli akaja na kanga zake, akanifukuza chumbani kwa mkono mmoja bila kunitazama. Nikakaa uani nikijifanya nachanganya rangi. Jua lilipopanda nikasikia sauti ndogo, kali, imekasirika, na Batuli akatoa kichwa. "Wa kiume. Mama yake mzima. Usiingie na viatu hivyo."

Nikazunguka kumtafuta Josepha nimpe habari. Nikamkuta jikoni, ameketi chini nyuma ya jiwe la kusagia. Amejifunga kiunoni kanga ya mama yake, na ncha ya pili ameizungusha kwenye jiwe. Gauni mapajani limejaa kokoto. Nikadhani ni mchezo.

"Wamefika?" akauliza.

"Wamefika!" nikasema, na mjinga akaongeza chumvi. "Wamejaa nje hapo barazani, wanapumzika. Wanasema safari ilikuwa ndefu."

Hakulia mara moja. Kwanza alilikumbatia jiwe. Ndipo akaanza kulia.

"Waambie mimi ni mzito, baba. Nimekula sana. Waambie siwezi kubebeka."

Nimeangukiwa na gunia, nimeanguka kutoka kwenye ngazi na kopo la rangi likanifuata, lakini sijapata kupigwa kama nilivyopigwa pale. Nikapiga magoti kwenye majivu. Nikamwambia hakuna mtu barazani, ni baba tu na mdomo wake. Nikamwambia msafara ule ni rangi juu ya mfuko wa saruji. Nikajaribu kumfungua, naye akashika fundo kwa mikono yote miwili.

"Halafu mtoto ameletwa na nani?" akauliza.

"Mama yako," nikasema. "Alikuwa naye tumboni muda wote. Hata wewe alikuwa nawe hivyohivyo. Hakuna aliyeleta, hakuna anayedai kitu."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. "Eustace, umemharibu mtoto. Nipe nimpeleke Isikizya leo hii, moyo wake utulie."

Josepha akalikumbatia jiwe upya.

"Mayo, leo? Ukimwondoa leo umewaleta wapagazi kweli!"

"Nani alimwambia chochote kinachobebeka?"

"Na nani alimwambia msafara haurudi mtupu?"

Kutoka chumbani tukasikia sauti ya Veneranda, nyembamba, imechoka. "Josepha. Njoo umtazame huyu. Njoo na hilo jiwe kama unalitaka."

Jiwe lilimshinda. Alifungua fundo mwenyewe, akapita katikati yetu bila kumshika mkono yeyote, kokoto zinadondoka moja moja sakafuni. Tukamfuata, tukasimama mlangoni, tukiendelea kubishana. Alipanda kitandani akalala upande wa pili wa mama yake. Yule mdogo alikuwa ametoa ngumi nje ya kanga. Josepha akasogeza kidole na kuigusa.

"Mwezi mmoja tu," mama alikuwa akiniambia. "Nitambeba mwenyewe mgongoni, hataona njia."

"Hapana! Nitachora kitabu kingine, wapagazi warudi na asali na nta. Kisha nitamleta mwenyewe, polepole, akishazoea."

"Polepole lini? Mtoto wa kubebwa hubebwa mapema."

"Abebwe na nani? Aende akae wapi?"

Batuli aliacha kukunja nguo akatutazama kama watu waliopotea njia. Veneranda hakuinua hata kichwa.

"Mzigo ndio hubishaniwa utuliwe wapi," alisema. "Josepha yuko kwao. Fungeni mlango, mnatuingizia vumbi."