Vigelegele vya Getruda

Jumamosi asubuhi Getruda alikuwa barazani kwake, mtaa wa Msamala, akishona sketi za shule, Hilda akafika na begi. Getruda alimtambua mara moja. Ndiye yule karani wa kwenye riwaya aliyokuwa akiisoma tangu juzi, ile yenye jalada la waridi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pita ndani, chai ipo."

Mkono wa Hilda ulikuwa na alama za vidole. Hizo nazo Getruda alizijua. Kitabuni, bosi wa Hilda, Osmund, alimvuta mlangoni mwa lifti akambusu kwa nguvu, na mwandishi akaandika kwamba Hilda aliyeyuka. Kama samli! Getruda alipenda hadithi za mapenzi kuliko kula, lakini hapo kwenye kuvutana mikono kila mara alijikuta anasema kwa sauti hata akiwa peke yake: "Si kasema hataki!"

"Sikuyeyuka," Hilda alisema akikoroga chai. "Nilikuwa natafuta pa kutokea. Naomba nikae hapa, mama. Nisirudishwe."

"Kaa," Getruda alisema, akampa sketi azitie vifungo.

Jioni akaja Osmund. Suti nyeusi, kiatu kinang'aa, na mvua yake mwenyewe, maana kwenye riwaya humfuata Hilda mvuani. Ilikuwa Julai, vumbi mtaa mzima, lakini juu ya Osmund ilinyesha, na alipokaribishwa kiti ikanyesha sebuleni. Mariana, binti wa Getruda, akaleta beseni.

Hakuja mikono mitupu. Alileta kreti ya soda, na Mzee Eusebi, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, aliyemkuta njiani. Wanajumuiya wengine walikuwa wanakuja tu, kwani siku hiyo sala ilikuwa kwa Getruda. Wakasali, wakaimba, kisha wakakaa kikao kama wanavyokaa mke akimkimbia mumewe. Kwamba hawa wawili hawajaoana haikuwa hoja; jalada lilionyesha Osmund amembeba Hilda aliyevaa shela.

"Binti, amekupiga?" Mzee Eusebi aliuliza.

"Hajanipiga. Nasema hapana, yeye anasikia ndiyo."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana, baba."

"Mlevi?"

"Hapana."

Mzee Eusebi akawatazama wenzake. Kosa lilikuwa halijapatikana.

"Mwanaume kalowa hivi kwa ajili yako," alisema jirani, Mama Polikarp, huku akimfuta Osmund mabega kwa khanga yake mwenyewe. "Wa kwangu hata nikiumwa hanyanyuki kwenye bao. Wewe dada unataka nini tena?"

"Kuulizwa," Hilda alisema.

Watu wakacheka, wala si kwa ubaya.

Getruda akasimama. "Mwacheni mtoto wa watu! Mkono wake huo hamuuoni?"

"Mama Mariana, tulia," Mzee Eusebi alisema kwa upole. "Mapenzi yana vurugu zake. Watazoeana."

Osmund akaomba msamaha vizuri sana, kwa sauti nzito, na akina mama wakashusha pumzi. Hilda akakabidhiwa begi lake. Alimrudishia Getruda sindano. Osmund akamshika mkono palepale penye alama, wakaingia kitabuni, na mvua ikakatika.

Sebule ilipokwisha kupigwa deki, Getruda alifungua ukurasa wa mwisho. Ni harusi. Hilda analia, kwa furaha, imeandikwa. Mzee Eusebi yumo, amekaa meza ya mbele. Mama Polikarp yumo na khanga yake. Mariana akawaambia wenzake, na Jumapili baada ya misa watu wakajaa barazani kutafuta majina yao, kila anayelipata anashangilia.

Getruda naye yumo, mstari wa mwisho kabisa, kavaa kile kitenge chake cha kijani, anapiga vigelegele.

"Sikupiga," aliwaambia. "Si mlikuwepo wote? Mimi nilikataa."

Mama Polikarp akavaa miwani, akaweka kidole juu ya mstari, akasoma taratibu mpaka nukta.

"Mbona hapa umepiga, Mama Mariana," alisema. "Tena kwa nguvu."